Ziara ya Kuongozwa Nchini Kuba: Somo la Afya Liko Kwenye Foleni

Ziara za vikundi zinazoongozwa kwenda Kuba zina mvuto wa namna yake. Hazimwahidi msafiri ufukwe na hoteli ya kifahari, bali maisha ya kila siku: kulala katika chumba kinachopangishwa na familia, kula chakula kilichopikwa na mwenye nyumba, kupanda teksi kuukuu ya Kimarekani pamoja na abiria wengine, na kutembea katika mitaa ya Havana na kiongozi anayeijua kwa undani. Kwa wasafiri wanaotoka Marekani jambo hili si suala la ladha tu. Sheria za nchi hiyo zinakataza utalii wa kawaida nchini Kuba. Safari ya kielimu ya kukutana na wananchi huruhusiwa kwa vikundi vinavyosimamiwa na taasisi, na hata ruhusa hiyo iliondolewa mwaka 2019, kisha ikarejeshwa mwaka 2022. Ndiyo maana ratiba za ziara hizi hujazwa mazungumzo na wakazi, mashamba, shule, karakana za wasanii, na mara nyingine zahanati ya mtaa.

Kituo hicho cha mwisho kinawahusu wahudumu wa afya na wagonjwa kwa namna ya pekee. Daktari au muuguzi anayejiunga na kikundi cha namna hii, awe anaishi Dar es Salaam, Nairobi, London au Toronto, aghalabu hutamani zahanati kuliko kitu kingine chochote, kwa kuwa Kuba imesifiwa kwa tiba yake kwa miongo mingi. Hata hivyo, hapo ndipo panapostahili kusimama na kutafakari. Ziara ya kuongozwa ina faida kubwa kwa anayetaka kuelewa afya ya Wakuba, lakini faida hiyo haipatikani katika chumba ambamo mgonjwa anamweleza daktari maumivu yake. Inapatikana nje: kwenye foleni, katika duka la mgawo, bustanini na jikoni.

Ni vyema kwanza kueleza kinachosifiwa. Mwaka 1984 Kuba ilianzisha mpango wa daktari na muuguzi wa familia. Kila jozi ilipewa takribani familia 120 za mtaa mmoja, na mara nyingi daktari alipewa makazi juu ya zahanati yenyewe au jirani nayo. Wakazi wote huorodheshwa katika makundi manne: wanaoonekana kuwa na afya njema, walio katika hatari ya kuugua, wenye maradhi, na wenye ulemavu au madhara ya kudumu ya maradhi. Daktari hasubiri mtu augue ndipo amwone. Humtembelea nyumbani, huangalia maji anayokunywa, ngazi anayopanda, na mtu anayemtunza bibi mwenye kisukari. Juu ya zahanati hizo kuna polikliniki yenye wataalamu na vipimo, kisha hospitali. Utaratibu huu ulichangia mafanikio ambayo hayawezi kupuuzwa. Mwaka 2015 Kuba ilikuwa nchi ya kwanza kuthibitishwa na Shirika la Afya Duniani kwamba imetokomeza maambukizi ya VVU na kaswende kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto.

Moyo wa utaratibu huu haumo katika jengo wala katika vifaa. Umo katika uhusiano. Daktari huingia sebuleni kwa mkazi kwa sababu anamjua tangu ujauzito wa mwanawe wa kwanza, naye anajua kwamba yaliyosemwa humo hayatatoka nje. Mtalii huingia zahanatini kwa sababu amelipia ziara. Milango inaweza kufanana, lakini haki ya kuipita haifanani.

Wapo watakaosema kwamba mgonjwa huombwa ruhusa na kwa kawaida hukubali. Swali ni hili: anayekubali yumo katika hali gani? Mbele yake kuna daktari ambaye atamhitaji tena wiki ijayo, kiongozi wa ziara aliyepewa ratiba, na wageni kumi na watano wenye simu mkononi. Huduma ni ya serikali, na zahanati ndiyo iliyo karibu na nyumba yake. Ridhaa inayotolewa katika mazingira hayo ina sura ya ridhaa bila uzito wake. Katika maadili ya tiba, ruhusa ya kweli humtaka mtu awe na uwezo wa kusema hapana bila kuogopa hasara. Mgonjwa anayeketi na mkono umefungwa kipimo cha shinikizo la damu hana nafasi hiyo.

Wasomaji wa Afrika Mashariki hawahitaji kusafiri mbali kulielewa jambo hili. Wako wagonjwa waliolala wodini wakaona kundi la wafadhili au wanafunzi wa kigeni likipita, likiwapiga picha na kuendelea na safari yake. Wako akina mama waliokuta watoto wao wamekuwa sura ya tangazo la michango. Wahenga walisema macho hayana pazia. Ndiyo sababu faragha haiwezi kuachiwa macho ya mgeni, bali hulindwa na utaratibu wa mahali na adabu ya anayeingia. Lisilofaa kutendwa kwa mgonjwa wa Temeke au Kisumu haliwi halali kwa mgonjwa wa Havana kwa sababu tu anayelitenda ni mgeni mwenye nia njema.

Basi aende wapi mhudumu wa afya anayetaka kujifunza? Aanze na foleni. Nchini Kuba anayefika dukani hauliza kwanza bei, huuliza nani wa mwisho. Akishajua anamfuata nani, anaweza kuketi kivulini au kwenda kuzungumza na jirani, kwa kuwa nafasi yake inajulikana. Mgeni anayesimama hapo nusu saa atasikia kilichofika na kilichokosekana, nani amepeleka mtoto hospitali, na nani ana ndugu ng'ambo anayemtumia dawa.

Kisha aangalie duka la mgawo. Tangu mwaka 1962 kila familia ya Kuba imekuwa na daftari linaloonyesha kiasi cha mchele, maharagwe, sukari, mafuta na vitu vingine inavyostahili kununua kwa bei ya chini. Maziwa yametengwa kwa ajili ya watoto wasiotimiza miaka 7. Katika miaka ya karibuni mgawo umepungua na kuchelewa, na mwaka 2024 serikali iliomba msaada wa maziwa ya unga kutoka Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Mtaalamu wa lishe atajifunza mengi katika ukurasa mmoja wa daftari hilo. Ataona kwa nini ni vigumu kumshauri mwenye kisukari apunguze wali na sukari ilhali ndivyo vitu vilivyopatikana mwezi huo.

Historia ya nchi hiyo inathibitisha kwamba sahani ina nguvu kuliko kituo cha afya. Baada ya Muungano wa Kisovieti kusambaratika, Kuba ilikosa mafuta na chakula katika kipindi ambacho serikali ilikiita kipindi maalumu. Mwaka 1992 na 1993 watu zaidi ya 50,000 walipatwa na maradhi ya mishipa ya fahamu, wengi wao wakipungukiwa na uwezo wa kuona. Uchunguzi ulihusisha janga hilo na upungufu wa lishe pamoja na uvutaji wa tumbaku, na ugawaji wa vitamini ulisaidia kulidhibiti. Katika miaka hiyohiyo watu walitembea na kuendesha baiskeli kwa sababu mabasi yalikosa mafuta, nao wakapungua uzito. Watafiti walionyesha baadaye kwamba vifo vitokanavyo na kisukari na maradhi ya moyo vilishuka, na kwamba uzito uliporudi, kisukari nacho kiliongezeka. Hakuna anayepaswa kuitamani njaa kwa sababu ya matokeo hayo. Yanachofundisha ni kwamba madaktari walikuwepo wakati wote, lakini yaliyotokea jikoni na barabarani ndiyo yaliyoamua kwa kiasi kikubwa nani augue na nani apone.

Somo hilo linahitajika zaidi sasa, kwa kuwa sifa za zamani zimeanza kutofautiana na hali halisi. Vifo vya watoto wasiotimiza mwaka mmoja, vilivyokuwa takribani 4 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai mwaka 2018, vilizidi 7 mwaka 2021. Mwezi Oktoba 2024 gridi ya umeme ya taifa ilizimika na kuiacha nchi nzima gizani. Rafu za maduka ya dawa zina mapengo, na madaktari wengi wamehama au wameacha kazi kutafuta kipato. Sababu zake zinabishaniwa vikali: wapo wanaotaja vikwazo vya Marekani vilivyodumu tangu mwaka 1962, na wapo wanaotaja sera za uchumi za serikali yenyewe. Msafiri mwaminifu hatarudi na sababu moja tu mfukoni. Wala hatamlazimisha kiongozi wa ziara ajibu maswali ambayo majibu yake yanaweza kumgharimu kazi. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ina haki ya kunyamaza.

Pingamizi moja linastahili jibu. Itasemwa kwamba mtaalamu asipoingia zahanatini atabaki na hadithi za mitaani. Lakini njia ya kuingia ipo, nayo si tiketi ya utalii. Mwaka 2018 Kenya ilipokea madaktari wapatao 100 kutoka Kuba, na ikapeleka madaktari wake 50 huko kusomea tiba ya familia. Zanzibar kwa miaka mingi imehudumiwa na madaktari wa Kuba na kufundisha wanafunzi wake wa udaktari kwa ushirikiano na chuo cha Matanzas. Mipango ya namna hiyo ina kasoro na mijadala yake, lakini humweka mgeni chini ya kiapo, msimamizi na sheria za faragha. Aliye katika ziara ya siku nane anaweza kuomba jambo jepesi zaidi: daktari na muuguzi wazungumze na kikundi baada ya saa za kazi, chumba kikiwa hakina mgonjwa. Anaweza pia kwenda bustanini asubuhi, mahali ambapo wazee hufanya mazoezi pamoja katika vikundi vinavyohimizwa na daktari wa familia. Katika nchi ambamo zaidi ya mtu mmoja kati ya watano ana miaka 60 au zaidi, vikundi hivyo ni tiba inayofanyika hadharani, na mgeni anayekaribishwa kunyoosha mikono pamoja na wazee hamnyang'anyi mtu siri yake.

Kwa wagonjwa wanaopanga kusafiri, busara inaanza nyumbani. Kuba humtaka mgeni awe na bima ya afya ya safari. Mwenye shinikizo la damu, kisukari, pumu au kifafa abebe dawa za kutosha safari nzima na siku kadhaa za ziada, zikiwa katika vifungashio vyake na pamoja na cheti cha daktari, kwa sababu haifai kutegemea kuzipata huko. Dawa ya kufukuza mbu ni ya lazima: homa ya dengi ipo, na homa ya Oropouche ilithibitishwa kisiwani mwaka 2024. Wanaotoka katika nchi zenye hatari ya homa ya manjano waulizie mapema cheti cha chanjo. Inafaa kukumbuka kwamba Carlos Finlay, daktari wa Havana, ndiye aliyeeleza mwaka 1881 kwamba homa hiyo huenezwa na mbu.

Wengi hutaka kubeba dawa za msaada. Nia hiyo ni njema, lakini dawa si peremende za kugawa njiani. Kwanza iulizwe kinachohitajika. Zibebwe dawa ambazo muda wake wa matumizi haujakaribia kwisha, zisizofunguliwa, zenye maelezo yanayosomeka, na zikabidhiwe kwa kituo kinachoweza kuzitoa kwa uangalizi. Mfuko wa vidonge vilivyochanganywa, masalia ya kabati la mtu, humwachia muuguzi kazi ya kutupa taka.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika ziara ya kuongozwa, kupona kwa mwenyeji huanza na mambo madogo: kulala katika nyumba yake na kumlipa bei ya haki, kuiheshimu nafasi yake kwenye foleni, kumsikiliza bila kumhoji, na kusimama mlangoni anapokuwa mgonjwa. Mhudumu wa afya anayerudi na adabu hiyo ataanza kuuliza maswali mapya katika wodi yake mwenyewe: nani anaingia hapa, kwa idhini ya nani, na je, mgonjwa anaweza kukataa? Mgonjwa naye asisubiri kuulizwa. Wageni wakipita kitandani pake, anayo haki ya kusema hapana, na hapana yake haipaswi kumpunguzia huduma hata kidogo.