Wanafunzi wa michezo vyuoni: Mbona wanachoka lakini hawalali vizuri?

Wazazi wengi huamini kwamba kijana anayefanya mazoezi kutwa nzima usiku atalala fofofo. Kwa wanafunzi wanaosomea elimu ya viungo katika vyuo vikuu, kama Dar es Salaam nchini Tanzania au Kenyatta nchini Kenya, uchovu peke yake hautoshi.

Wanafunzi hawa wana mitihani ya aina mbili: ya darasani na ya uwanjani. Mazoezi yakipangwa alfajiri na jioni kukwepa jua kali, muda unaobaki wa kusoma ni usiku. Mazoezi makali karibu na saa ya kulala huacha mwili ukiwa na joto na moyo ukienda mbio. Akiongeza kahawa ili asome, baada ya takribani saa tano nusu ya kafeini bado imo mwilini. Kisha kuna simu, na kelele za bweni.

Usingizi mzuri hupimwaje?

Kipimo kinachotumika sana ni dodoso la Pittsburgh la mwaka 1989. Lina maswali 19 kuhusu mwezi uliopita: unachukua muda gani kusinzia, unaamka mara ngapi usiku, unasinzia mchana? Alama ni kuanzia 0 hadi 21. Ukizidi 5, usingizi wako si mzuri.

Kinachopotea

Usingizi mzito ndio wakati mwili unapotoa kwa wingi homoni ya ukuaji, inayosaidia kutengeneza misuli. Ubongo nao huhifadhi mbinu ulizojifunza. Nchini Marekani, utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kuwa wanamichezo wa shule waliolala chini ya saa 8 walikuwa na uwezekano mara 1.7 zaidi wa kuumia. Mwaka 2011, wachezaji 11 wa mpira wa kikapu wa Chuo Kikuu cha Stanford waliongezewa muda wa kulala kwa wiki kadhaa. Mitupo yao huru iliyoingia iliongezeka kwa asilimia 9. Idadi hiyo ni ndogo, lakini inaonyesha njia.

Mwanafunzi wa historia aliyeteguka goti bado anaweza kufanya mtihani wake. Wa michezo anaweza kupoteza muhula mzima, na ada iliyolipwa kwa mauzo ya mahindi au ng'ombe. Kwake yeye, kulala saa 7 hadi 9 kila usiku ni sehemu ya masomo, na vyuo vinapaswa kupanga ratiba vikilijua hilo.

Ukimpigia simu mwanao, muulize pia analalaje.