Golfu: makocha wengi na mashine nyingi, ni nani anaharibu pigo la mchezaji?

Mwaka 1991, Ian Baker-Finch wa Australia alishinda Open ya Uingereza kwenye uwanja wa Royal Birkdale. Miaka sita kisha, katika mashindano yaleyale, kwenye uwanja wa Royal Troon, alimaliza duru ya kwanza kwa mapigo 92 na akajiondoa. Kwa msomaji asiyezoea golfu: mchezaji wa kiwango hicho anamaliza mashimo 18 kwa mapigo 70 hivi, na mwenye mapigo machache ndiye anashinda. Mapigo 92 ni hesabu ya mtu anayecheza siku ya Mungu na marafiki zake.

Hakuvunjika mguu wala mkono. Alikuwa bingwa aliyetaka mpira wake ufike mbali zaidi. Akaanza kubadilisha namna ya kuzungusha fimbo, akaomba shauri huku, akaongeza shauri kule, na kila shauri lilikuwa na maana yake. Mwishowe mwili ukakosa kujua ufuate lipi. Siku ile ya Troon alilia ndani ya chumba cha kubadilishia nguo.

Kisa chake kinarudi kila mara watu wa golfu wanapobishana juu ya swali moja: je, kufundishwa kupita kiasi, pamoja na vyombo vya kisasa vya kupima, vinaua pigo ambalo mchezaji alizaliwa nalo? Kwa wengi wa Goma, Bukavu, Uvira ao Beni, golfu ni mambo ya televisheni. Lubumbashi, kwa watu wengi "Golf" ni jina la mtaa mbele ya kuwa jina la mchezo. Lakini swali lenyewe linamgusa kila mzazi na kila kocha aliyemwona mtoto anafanya kitu vizuri kwa njia isiyo ya kawaida, akajiuliza: nimrekebishe ao nimwache?

Tuanze na aliyeachwa. Jim Furyk wa Marekani anainua fimbo karibu wima juu ya kichwa, kisha anaishusha kwa kuizungusha kama mtu anayejaribu kutoka ndani ya koti iliyombana. Mtangazaji mmoja wa televisheni alifananisha pigo hilo na pweza anayeanguka kutoka juu ya muti. Kocha wake tangu utoto ni baba yake, Mike, na baba huyo alikataa watu wengine wasiliguse pigo la mwana wake. Matokeo? Furyk alishinda US Open mwaka 2003, akashinda mashindano 17 ya PGA Tour, na mwaka 2016, akiwa na umri wa miaka 46, alikuwa mtu wa kwanza katika historia ya PGA Tour kumaliza duru kwa mapigo 58. Wale wenye pigo la kupendeza kama picha ya kitabu hawakuwa wamefika pale.

Bubba Watson naye anasema hakuwahi kulipia somo hata moja. Alikua akipiga mipira ya plastiki kuzunguka nyumba yao huko Florida, akijifunza kuikunja kushoto na kuume. Masters alishinda mara mbili, 2012 na 2014.

Sababu si uchawi. Kutoka fimbo inapokuwa juu hadi inapogusa mpira, muda unaopita ni kama robo ya sekunde. Ndani ya robo ya sekunde hakuna mtu anayeweza kukumbuka kiwiko, nyonga, kifundo cha mkono, goti na kichwa kwa wakati mmoja. Mwili unafanya kile ulichozoea, ao unakwama. Mtafiti Gabriele Wulf na wenzake walionyesha jambo hilo mwaka 1999 kwa watu waliokuwa wanaanza kujifunza golfu: walioambiwa wafikirie mwendo wa fimbo walipiga vizuri kuliko walioambiwa wafikirie mwendo wa mikono yao wenyewe. Kufikiria viungo vyako wakati vinafanya kazi ni kuvizuia visifanye kazi.

Sasa weka mashine juu ya hayo. TrackMan, rada iliyotengenezwa na kampuni ya Denmark iliyoanzishwa mwaka 2003, inawekwa nyuma ya mchezaji na kutoa, kwa kila pigo, mwendo wa fimbo, mwendo wa mpira, pembe ambayo mpira unatoka nayo, mara ngapi unajizungusha kwa dakika, na tarakimu zingine nyingi. Bei ya mashine moja inaweza kununua gari. Tarakimu hizo ni za kweli. Haziongopi. Shida ni kwamba mtu akiisha kuziona hawezi tena kuzisahau, na kila tarakimu isiyofanana na ile ya bingwa fulani inaonekana kama ugonjwa unaohitaji dawa, hata kama mpira umeanguka palepale alipotaka. Mashine inajua mpira ulifanya nini. Mgongo wa mchezaji, urefu wa mikono yake, na miaka kumi aliyotumia kutafuta njia yake, hivyo haivijui.

Hata hivyo, wanaosema "acheni makocha, turudi kwa asili" wanasahau upesi. Nick Faldo wa Uingereza alikuwa mchezaji mzuri tayari alipomwendea David Leadbetter katikati ya miaka ya 1980 na kubomoa pigo lake lote. Kwa karibu miaka miwili watu walimcheka. Mwaka 1987 alishinda Open kwenye uwanja wa Muirfield, duru ya mwisho akipata par kwenye mashimo yote 18, na kazi yake ilimalizika na mataji makubwa sita. Tiger Woods alishinda Masters ya 1997 kwa tofauti ya mapigo 12, kisha akaenda na kocha wake Butch Harmon kutengeneza upya pigo ambalo dunia nzima ilikuwa inaliogopa. Kati ya 2000 na 2001 alishikilia mataji manne makubwa yote kwa pamoja. Bryson DeChambeau anaishi na tarakimu kama mwalimu wa fizikia, na US Open ameshinda mara mbili, 2020 na 2024. Kuwaambia hawa watatu kwamba mafunzo na vyombo vinaharibu mchezaji ni kuwaomba warudishe makombe.

Basi tofauti iko wapi? Faldo alichagua mtu mmoja, akamwamini, akakubali kuharibika kwa muda unaojulikana kwa ajili ya lengo linalojulikana. Alijua anatafuta pigo litakalosimama siku ya mwisho, upepo ukivuma. Baker-Finch alitafuta mita chache zaidi, na sauti zikawa nyingi. Padraig Harrington wa Ireland ni mfano wa kusikitisha kuliko wote, kwa sababu ni mtu mwenye akili sana: kati ya Julai 2007 na Agosti 2008 alishinda mataji makubwa matatu, na badala ya kupumzika akaendelea kufungua injini iliyokuwa inanguruma vizuri ili aone kama inaweza kunguruma zaidi. Alishuka hadi kupita nafasi ya 200 duniani, na PGA Tour haikumwona akishinda tena mpaka mwaka 2015.

Afrika ina mfano wake, na ungepaswa kusimuliwa kuliko unavyosimuliwa. Sewsunker Sewgolum, aliyeitwa Papwa, alikuwa mtoto wa Kihindi wa Durban, maskini, kazi yake kubeba mifuko ya wachezaji wazungu. Hakufundishwa na mtu. Alishika fimbo kinyume, mkono wa kushoto chini na wa kuume juu, namna ambayo kocha yeyote angeikataza siku ya kwanza. Kwa mikono hiyo alishinda Open ya Uholanzi mwaka 1959, 1960 na 1964. Mwaka 1963 alishinda Natal Open, akapewa kombe nje, katika mvua, kwa sababu sheria za ubaguzi zilimkataza kuingia ndani ya jengo la klabu. Kisha serikali ikamfungia mlango wa mashindano. Waliomwumiza Papwa walikuwa watu wa serikali. Namna yake ya kushika fimbo haikumwumiza hata siku moja.

Vijana wanaobeba mifuko leo katika viwanja vya Afrika wengi wao wanajifunza vilevile, kwa kuangalia na kuiga, jioni wakati wenye uwanja wamekwenda nyumbani. Lakini sasa wana simu. Kila usiku wanaweza kutazama makocha kumi wanaosema mambo kumi tofauti, wote kwa uhakika uleule, na hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kumwona kijana huyo akipiga mpira. Mtoto wa tajiri akichanganyikiwa, baba yake analipia kocha mwingine. Kijana wa mifuko akipoteza pigo lake amepoteza kila kitu alichokuwa nacho katika mchezo huo.

Anayefanya vizuri kuliko wote kwa miaka hii ni Scottie Scheffler, na anaye kocha: Randy Smith wa Dallas, aliyeanza naye Scheffler akiwa mtoto mdogo. Wakati wa kupiga, miguu ya Scheffler inateleza na kukimbia kama ya mtu aliyekanyaga sabuni. Smith ameiona miguu hiyo maelfu ya mara, ana vyombo vyote vya kuipima, na muda wote wa kuirekebisha alikuwa nao. Aliiacha. Anachunguza namna mikono inavyoshika fimbo, na mwanzoni mwa mazoezi Scheffler bado anashika kwanza fimbo ile ya kufundishia inayomwonyesha vidole vikae wapi.