Jiko la Ugenini: Karai kwanza, mashine baadaye

Wiki mbili zilizopita shoga yangu mmoja wa hapa Al Thumama alinitumia picha ya mashine ya kukaangia kahawa. Riyali 1,150, usafirishaji mbali. Chini yake kaandika: "Dada, ninunue nisinunue?" Sikumjibu kwa maandishi, nilimpigia simu papo hapo. Naijua hesabu ya nyumba ile. Mumewe ni dereva, na pesa pekee ya kiasi hicho iliyokuwamo ndani ni ada ya kijana wao aliyebaki Muheza kwa bibi yake.

Hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Kila Ijumaa jioni kwao ndiko baraza letu lilipo, wanaume uani, sisi ndani, na kahawa inakwenda kweli kweli. Usiku wa Desemba 10, 2022, Morocco walipoifunga Ureno 1-0 kwenye uwanja wetu huu wenye umbo la kofia, dele lilijazwa hadi kahawa ikaisha nyumba nzima. Kahawa ya paketi ikifika mezani imeshapoteza harufu. Akaona akinunua buni mbichi na kukaanga mwenyewe, mashine itajilipa.

Tukakaa na kalamu. Dukani ninakonunua mimi, buni mbichi ni riyali 35 kwa kilo, na iliyokaangwa 65. Lakini buni hupungua uzito motoni. Ukiikaanga iive sana kama tunavyoipenda sisi, kilo moja hutoka gramu 820 hivi. Kwa hiyo kilo ya kahawa yako mwenyewe imekugharimu kama riyali 43, umeokoa 22. Gawa 1,150 kwa 22: kilo 52. Nyumba inayokunywa kilo moja kwa mwezi itairudisha pesa hiyo baada ya miaka minne na ushee. Mkataba wa mumewe umebaki mwaka na nusu.

Tena mashine yenyewe ilikuwa ya Marekani, ya volti 120. Umeme wa Qatar ni volti 240. Ukiichomeka hivi hivi imekwisha, na transfoma ya kubeba kifaa kinachokula umeme namna ile ni gharama nyingine. Mnaoagiza vitu mtandaoni, geuzeni kifaa muisome ile karatasi ya nyuma kabla ya kulipa. Kilichotengenezwa kwa ajili ya Kenya, Uingereza au Ghuba kitafanya kazi hapa, hata plagi ni ile ile ya miguu mitatu.

Sasa niwaambie kitu ambacho matangazo hayasemi. Kukaanga buni si kazi ngumu, ngumu ni moshi. Mara ya kwanza nilipokaanga Doha nilifanya kama baba yangu alivyokuwa akifanya Tanga, yeye akiwa chini ya mwembe, mimi nikiwa ghorofa ya pili madirisha yamefungwa kwa sababu ya joto. Kengele ya moshi ikalia jengo zima. Watu wakashuka ngazi na watoto mikononi, bibi mmoja wa ghorofa ya nne akateremka na nguo ya kulalia. Siku ya pili nikapata barua ya mwenye nyumba: ikitokea tena, tuhame. Sikulala.

Na ubaya ni kwamba kahawa yetu ya pwani ndiyo yenye moshi kuliko zote. Buni ikifika karibu nyuzi 200 hupasuka kwa sauti, ta, ta, ta, kama bisi. Hapo tayari inanyweka, rangi ya mdalasini, na moshi ni mdogo. Majirani zetu Waarabu wengi huishia hapo au hata kabla, kisha huitia iliki. Kaango lao la jadi ni la chuma lenye mpini mrefu, na kahawa hiyo UNESCO waliiandika katika orodha ya urithi mwaka 2015. Sisi twaendelea mpaka mlio wa pili, ule mwembamba wa haraka kama chumvi iliyotupwa motoni, punje zimekuwa nyeusi na zinaanza kung'aa mafuta. Kati ya mlio wa kwanza na wa pili ndiyo moshi mzito huanza. Basi kabla hujauliza mashine gani, jiulize: nitakaangia wapi? Kama huna uani, au ruhusa ya kupanda juu ya paa, kaanga ya rangi ya mdalasini, au usikaange.

Yeye uani anao. Nikamwambia anunue karai la chuma, zito, bila rangi wala kitu cha kuzuia chakula kushika. Kaango la kutoshika likipata moto kupita kiasi hutoa hewa mbaya, na wenye kasuku ndani wajue hewa hiyo huua ndege. Gramu 200 kwa mkupuo, moto wa wastani, mwiko wa mbao usitulie hata kidogo, dakika 12 hadi 15. Rangi haitalingana kila punje, na kwa kahawa ya kuchemsha hilo halina neno.

Ukitaka hatua ya pili, ipo mashine ndogo ya bisi, ile inayopuliza hewa moto bila mafuta. Yangu nilinunua riyali 95. Hukaanga gramu 80 kwa dakika sita hivi, rangi moja nzuri, na makapi huyapuliza nje yenyewe. Chungulia ndani kabla ya kununua: taka yenye matundu ubavuni, yanayoizungusha buni. Yenye wavu chini iache, makapi huangukia kwenye waya wa moto yakashika. Haikutengenezwa kwa kahawa, kwa hiyo dhamana isahau. Usiondoke mbele yake, na ipumzishe dakika 20 kabla ya mkupuo mwingine. Mwezi wa saba uani hapa hewa yenyewe ni moto, buni huungua kabla ndani hajaiva, nami hungoja usiku mkubwa. Januari na upepo wake, inachelewa. Oveni msijisumbue nayo.

Pesa iliyobaki iweke kwenye kupoza. Wengi huharibu hapo. Buni ikitoka motoni inaendelea kujipika, na iliyokuwa nzuri inakuwa mkaa ukiiangalia. Chujio mbili kubwa za chuma na feni ya mezani: mimina toka hii kwenda ile mbele ya upepo, dakika tatu imepoa na makapi yameruka. Ungo unafaa pia, kwa anayejua kupepeta. Ongeza mizani ya jikoni, na chupa ya kuhifadhia, usiizibe kabisa siku ya kwanza maana buni iliyotoka motoni hutoa hewa. Mashine ya kusagia ghali ni ya watu wa espresso. Kahawa ya dele yataka kinu tu.

Jumla yake: karai 60, chujio mbili 30, mizani 35. Feni alikuwa nayo.

Alhamisi tukakaanga kwake. Mkupuo wa kwanza aliuunguza upande mmoja kwa sababu simu iliita akaacha mwiko, tuliutupa. Wa pili ulitoka sawasawa, na Ijumaa wazee wakaunywa kimya, ambayo kwao ni sifa. Ada ilikwenda Muheza Jumapili.

Jana kanipigia tena. Jirani wa ukuta mmoja anafanya kazi zamu ya usiku, analala mchana, na kinu kinamwamsha. Nimemwambia akunje blanketi aliweke chini ya kinu, atwange baada ya saa kumi alasiri, na kikombe cha kwanza ampelekee yeye.