Kazi si Mazoezi

Kuna sifa moja tunayopewa watu wa pwani ya Kilwa na Lindi ambayo ningependa irudishwe kwa wenyewe: kwamba sisi tuna "jimu ya asili". Kijana anashuka kwenye basi la Dar, anakaa Kilwa Masoko siku mbili, anampiga picha mvuvi anayevuta nyavu, misuli imechorwa mgongoni, kisha anaandika chini yake kwamba watu hawa hawahitaji mazoezi. Picha inapendwa. Mvuvi haulizwi anaamkaje asubuhi.

Nachukua mfano wa mbali makusudi: kuteleza kwa ski milimani. Mtelezaji hushuka magoti yamekunjwa, kifua kimeinama, na mapaja yanafanya kazi ngumu kuliko kunyanyua, yaani yanafunga breki. Msuli unavutwa urefuke huku wenyewe unauzuia mwili usiporomoke. Mbio za Lauberhorn, kule Wengen, Uswisi, zina urefu wa karibu kilomita 4.5, hushukwa kwa takriban dakika 2 na nusu, na penye kasi kubwa watu hupita kilomita 150 kwa saa. Sasa mwangalie anayesukuma mtumbwi kwa upondo karibu na mikoko ya Kivinje. Magoti yamekunjwa vilevile, nyayo zinalisoma wimbi kabla halijafika. Kwa macho, ni mwili mmoja.

Hapo ndipo wapiga picha wetu wanapopotea. Mtelezaji makini huanza kujiandaa wiki 6 hadi 8 kabla ya msimu, kwa uchache. Anachuchumaa, anaruka ubavu kwa ubavu, anaegemeza mgongo ukutani na kukaa pasipo kiti mpaka mapaja yatetemeke. Uzito unaongezwa kidogo kidogo, halafu (na hili ndilo lenyewe) anapumzika. Msuli hukua baadaye, mtu akiwa ameshiba na amelala. Mvuvi hana kidogo kidogo. Uzito wa nyavu unaamuliwa na samaki na mkondo. Mapumziko yake yanaamuliwa na kusi, na siku ambazo chombo kimepandishwa mchangani ndizo ambazo chungu nacho kimepumzika. Tena havuti pande zote sawa: ana bega lake la kuvutia na goti lake la kukazia, hayohayo kwa miaka 30. Ukifika Kivinje, tazama wazee wanavyoshuka ngazi za baraza. Hakuna kocha mwenye akili angemwacha mwanamichezo wake afike huko.

Wanawake wanaochokoa pweza, walioinama tangu mwamba unapoonekana hadi maji yanapoufunika tena, hata hiyo sifa hawaipati.

Wapo watakaosema pwani na theluji havikutani. Sabrina Simader alizaliwa Kilifi, ufukwe wa bahari hii hii, akakulia Austria, na mwaka 2018 akaiwakilisha Kenya katika ski za milimani kwenye Olimpiki ya Pyeongchang. Kwame Nkrumah-Acheampong wa Ghana alijifunzia ndani ya jengo, Milton Keynes, Uingereza, akafika Vancouver 2010. Miili yao iliweza. Ilipata kocha, ratiba, na mtu wa kuliangalia goti linapoanza kulalamika.

Ndiyo maana sifa ile inaniudhi. Ukishasema mtu ana jimu ya asili, umeshamfutia tabibu wa viungo, umewafutia watoto wake uwanja na mwalimu wa michezo. Wanavyo tayari, bahari imewapa. Ni sifa isiyomgharimu kitu mtoaji, na diwani yeyote mvivu angeipokea kwa mikono miwili.

Basi anayetaka kusifu aanze na maswali ya kocha: goti lipi linauma, umelala saa ngapi, leo umekula nini. Na kama picha ni lazima, aombe ruhusa kwa yule mzee anayeshika ukuta kwanza ndipo aketi.