Tumpime Mgombea Kabla Hajateuliwa



Mkulima wa bonde la Mbwemkuru hana haja ya kufundishwa maana ya mizani. Anafahamu kwamba korosho zikishapokelewa ghalani na stakabadhi ikaandikwa, kubishana juu ya uzito ni kujichosha. Anafahamu pia ubaya wa kangomba: mfanyabiashara hupita nyumbani wakati wa njaa, msimu ukiwa bado, akanunua korosho kwa bakuli na kwa bei ya kutupa, na mwenye mali akashukuru kama aliyesaidiwa. Katika toleo hili tunaomba ujuzi huo utumike kwa jambo lililo kubwa kuliko korosho, yaani namna ya kuwapima watu watakaotaka kuwa Rais wa nchi yetu mwaka 2030.

Wako watakaosema kuwa ni mapema mno. Tunadhani sivyo. Rais Samia Suluhu Hassan aliapishwa tarehe 19 Machi 2021 kufuatia kifo cha Rais John Magufuli, wakati kipindi kilichosalia kilikuwa zaidi ya miaka mitatu. Kwa mujibu wa Ibara ya 40 ya Katiba, mtu aliyeshika urais kwa namna hiyo anaweza kugombea mara moja tu, na mara hiyo ilitumika mwaka 2025. Kwa hiyo chama tawala kitapaswa kutafuta mtu mwingine, kama kilivyofanya mwaka 1995, 2005 na 2015, na vyama vingine navyo vitatafuta wa kwao. Kiti kinapokaribia kuwa wazi, minong'ono ya majina hutangulia mbali mbele ya kampeni.

Iko sababu nzito zaidi ya kuanza mapema. Katiba, katika Ibara ya 39, inamtaka mgombea urais awe ametokana na chama cha siasa. Mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliamua katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila kwamba kumzuia mgombea binafsi ni kuvunja haki za raia. Hata hivyo mlango wa chama umebaki kuwa mlango pekee. Aidha, Ibara ya 41 inasema kwamba Tume ya Uchaguzi ikishamtangaza mshindi wa urais, hakuna mahakama yenye mamlaka ya kuchunguza kuchaguliwa kwake. Raia anayengoja siku ya kura ndipo aanze kufikiri, anafika ghalani wakati stakabadhi imekwisha kuandikwa.

Basi wanaopima kabla yetu ni akina nani? Tukumbuke mwaka 2015. Wanachama 42 wa CCM walichukua fomu za kuomba uteuzi, na 38 wakazirejesha. Kila mmoja alitakiwa kupata wadhamini 450 kutoka mikoa 15, ikiwamo mitatu ya Zanzibar. Kamati Kuu ilibakiza majina matano, Halmashauri Kuu ikabakiza matatu, na Mkutano Mkuu ukamchagua mmoja, John Magufuli. Mwaka 1995 hali ilikuwa na mvutano zaidi: Jakaya Kikwete aliongoza duru ya kwanza mbele ya Benjamin Mkapa na Cleopa Msuya, kisha Mkapa akashinda duru ya pili. Wajumbe wa Mkutano Mkuu mjini Dodoma hawakufika pale kutoka mbinguni. Wametoka katika wilaya zote, pamoja na Nachingwea na Ruangwa. Baadhi ya waliotia saini za udhamini ni jirani zetu, na pengine tunakaa nao benchi moja siku ya Jumapili.

Wenzetu wa Marekani nao watamchagua Rais mpya mwaka 2028, kwa kuwa Katiba yao hairuhusu mtu kuchaguliwa zaidi ya mara mbili. Kule wapiga kura wa kawaida hushiriki katika kura za awali za vyama, jimbo baada ya jimbo, na mwenye kutaka urais hulazimika kujibu maswali yao kwa miezi mingi. Utaratibu huo nao una kasoro zake: fedha ina sauti kubwa, na mwaka 2024 Joe Biden alipojitoa mwezi Julai, chama chake kilimsimamisha Kamala Harris ambaye hakupigiwa kura hizo kama mgombea wa urais. Hata hivyo wametufunza kwamba kupima watarajiwa ni kazi ya raia, wala si siri ya wakubwa peke yao.

Hapa kwetu mwaka 2025 kazi hiyo ilipungukiwa sana. Tarehe 19 Januari Mkutano Mkuu wa CCM ulipitisha jina moja bila ushindani. Mwezi Aprili CHADEMA iliondolewa katika uchaguzi kwa kutosaini kanuni za maadili, na mwenyekiti wake, Tundu Lissu, akashitakiwa kwa uhaini. Luhaga Mpina wa ACT-Wazalendo naye alienguliwa. Tume ilitangaza kuwa mshindi amepata asilimia 97.66 ya kura. Lakini siku ya kura, tarehe 29 Oktoba, na siku zilizofuata, damu ya raia ilimwagika, mali ikachomwa na intaneti ikazimwa, hata Serikali yenyewe ikaunda tume ya kuchunguza yaliyotokea. Mizani yenye sahani moja haipimi kitu. Mahali ambapo watu hawakupewa nafasi ya kupima kwa amani, hasira hutafuta njia yake, na wanaolipa ni vijana na mama zao.

Ndiyo maana tunapendekeza vipimo vichache, navyo vitumike kwa mtarajiwa wa chama chochote.

Kwanza, tusimpime kwa kwao. Sisi watu wa kusini tumekuwa na majaribu hayo. Mkapa alizaliwa Lupaso, Masasi, na mwaka 1995 alipata asilimia 61.8 ya kura dhidi ya Augustino Mrema, Ibrahim Lipumba na John Cheyo. Kassim Majaliwa, aliyekuwa mbunge wa Ruangwa, alikuwa Waziri Mkuu kuanzia mwaka 2015 hadi 2025. Bernard Membe wa Mtama alifika katika majina matano ya mwaka 2015, na mwaka 2020 aligombea kwa tiketi ya ACT-Wazalendo akapata kura 81,129 nchi nzima. Kufurahia mtoto wa nyumbani ni jambo la kibinadamu. Lakini anayeomba kura kwa sababu ya kabila, dini au mkoa wake anatuambia kwamba hana sababu nyingine. Mwalimu Nyerere alilionya taifa waziwazi juu ya jambo hilo mwaka 1995, pamoja na rushwa.

Pili, tuzipime ahadi zake kwa hesabu. Nachingwea inajua gharama ya mpango mkubwa usiomsikiliza mwenyeji. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi wa karanga hapa, Kongwa na Urambo. Matrekta yaliletwa, reli ikajengwa hadi Mtwara. Mwaka 1951 mradi ukafutwa kwa hasara ya paundi milioni 36 hivi, na baadaye reli nayo ikang'olewa. Anayeahidi jambo kubwa aulizwe: fedha itatoka wapi, nani ameulizwa, na likishindikana nani atawajibika?

Tatu, tuangalie jinsi anavyotumia madaraka aliyonayo sasa. Mwaka 2018 wabunge wa mikoa ya korosho walipinga mabadiliko ya sheria yaliyoelekeza ushuru wote wa korosho zinazouzwa nje kwenye Mfuko Mkuu wa Serikali, hawakusikilizwa. Novemba mwaka huohuo Rais alitangaza kwamba Serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likatumwa kuzisomba. Bei ilifurahisha, lakini wakulima wengi walingoja malipo kwa muda mrefu. Funzo lake ni kwamba neno moja la Ikulu hufika ghalani kwetu kwa siku moja. Kwa hiyo tumtafute mtu anayevumilia kupingwa, anayeheshimu Bunge na mahakama, na ambaye akikosea husahihishika.

Nne, tuulize nani anamlipia safari zake. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilihalalisha takrima, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikaibatilisha. Hata hivyo khanga, kofia na posho havijakoma, na vingi hutolewa ndani ya vyama kabla ya macho ya umma kufika. Hiyo ni kangomba ya kura. Anayenunua wajumbe kwa bei ya msimu wa njaa atataka kuirudisha fedha yake wakati wa mavuno, na mavuno hayo ni dawa za zahanati, madawati na maji ya visima vyetu.

Ukurasa huu hautamtaja mtu wa kupigiwa kura, wala hautafanya hivyo mwaka 2030. Tunachoomba ni kazi ndogo inayowezekana. Kila jumuiya ijadili vipimo hivi na kuongeza vyake. Walei walio wanachama wa vyama, chochote kiwacho, wahudhurie mikutano ya matawi wakati wa kuchagua viongozi na wajumbe, kwa maana hao ndio watakaobeba majina. Ukiombwa saini ya udhamini, uliza maswali kabla ya kushika kalamu. Na mjumbe akirudi kutoka Dodoma, tumwombe kwa heshima na bila woga atueleze alimpimaje aliyemchagua. Akiwa na jibu, tumshukuru. Akikosa, uchaguzi wa chama ujao atafutwe mwingine wa kutuwakilisha.