Maji Kwanza, Sweta Baadaye

Nina neno, na nisipolisema sasa litanikaa rohoni hadi likizo ya Agosti.

Kama mjuavyo, sisi wa Tuzo ya Rais, mpango ulioanza hapa Kenya mwaka 1966, tumebakisha siku chache tu twende safari ya ngazi ya Dhahabu. Siku nne kwa miguu, usiku tatu porini, kila mtu na mkoba wake mgongoni. Njia yetu inatoka hapa Madogo kuelekea Bura, mto Tana ukiwa mkono wa kushoto. Maandalizi yamepamba moto. Huyu anashona mkanda wa mkoba, yule anakopa sufuria kwa mama yake. Kinachonikera ni orodha ya vitu vya kubeba iliyobandikwa ukutani.

Orodha hiyo inataka sweta mbili nzito, blanketi, soksi za sufi, maharagwe, na chupa ya maji ya lita moja. Lita moja! Jamani, hapa ni Madogo. Kwa maoni yangu iliandikwa na mtu aendaye Mlima Kenya, kisha ikasambazwa kote kama sare ya shule. Huko juu adui ni baridi. Huku kwetu saa sita ikifika, hata mbuzi hutafuta kivuli chini ya lori.

Hebu tupige hesabu. Anayetembea juani na mzigo atahitaji kama lita 5 kwa siku, na joto likizidi, zaidi ya hapo. Lita moja ya maji ni kilo moja. Kwa siku nne ni kilo 20 za maji matupu, kabla hujatia hata konzi ya unga. Hakuna mgongo wa mwanafunzi utakaobeba hayo. Kwa hiyo swali la siku hizi za mwisho si nani ana mkoba wa kisasa. Swali ni tutalala wapi kila usiku, na maji ya hapo yakoje. Ramani haikuambii kisima kipi kina chumvi na kipi kimekauka. Wanaojua ni wachungaji wa Kiorma na Kisomali wanaopitisha mifugo huko kila kiangazi. Mbona hatujamwalika hata mmoja wao? Nusu saa na kikombe cha chai, basi.

Na usiniambie eti mto uko karibu. Upo, ndiyo, na mamba wapo, na viboko pia. Maji yake ni mekundu kwa udongo: huyatuliza kwa shabu usiku kucha, ukayachuja kwa kitambaa, ndipo uyachemshe. Nani kati yetu amefanya mazoezi ya hilo? Tena mto huu hufurika hata kama hapa hakujadondoka tone, mvua ikinyesha bara na mabwawa ya huko yakijaa. Aprili 2024 uliikata barabara yetu ya Garissa, na mashua iliyokuwa ikivusha watu ikazama, roho zikapotea. Kambi isipigwe ukingoni, hata kama mchanga ni laini kama godoro.

Maharagwe nayo! Saa mbili na ushei motoni, yakinywa maji ambayo sisi wenyewe tunayatamani. Tubebe tende na nyirinyiri, ambazo hazitaki hata kiberiti. Sweta moja yatosha kwa upepo wa alfajiri, na nafasi ya ile ya pili ichukuliwe na chandarua. Viatu viwe vya soli nene, maana mwiba wa mathenge, mti ulioletwa Bura miaka ya 1980, hutoboa gurudumu la baiskeli, sembuse raba.

Lingine ni ratiba. Imeandikwa tuondoke saa mbili asubuhi, baada ya hotuba. Hotuba ni nzuri, lakini jua halingoji mgeni wa heshima amalize. Hotuba zisomwe jioni ya kuamkia safari, sisi tuondoke saa kumi na moja alfajiri, tupumzike kivulini tangu saa tano hadi saa tisa, halafu tumalizie. Wenye ngamia hawafanyi vingine, nao hawakusomea ramani.

Juzi nilimwonyesha mzee mmoja sokoni orodha hiyo. Aliisikiliza yote nikimsomea, akauliza, "Na punda je, mwanangu?" Nikamweleza kuwa masharti ni kila mtu abebe mzigo wake. Alicheka sana, mpaka akashika mbavu. Kisha akaanza kunitajia visima vya njiani, kimoja kimoja, na kipi kina maji matamu. Nimeviandika nyuma ya karatasi ile ile ya sweta na maharagwe. Ni sita. Anayetaka kunakili anione wakati wa mapumziko.