Homa Si Jina la Ugonjwa

Juma hili twataka kuzungumza juu ya neno lisemwalo kila siku katika nyumba zetu za Goma: "Mtoto ana homa." Tukiisha kulisema, hukumu imekwisha katwa: ni malaria. Mtu hutumwa kununua vidonge, na mgonjwa hulazwa. Mara nyingi huwa malaria kweli, na hapo ndipo penye hatari. Maana aliyepata kweli mara tisa hasiti tena mara ya kumi.

Homa ni kama mbwa abwekaye usiku: hutuarifu kwamba yupo mtu mlangoni, lakini hatuambii ni nani.

Hata wenye elimu hudanganyika. Tarehe 26 Agosti 1976, mwalimu mmoja alifika katika hospitali ya misioni ya Yambuku akiwa na homa. Alidhaniwa kuwa na malaria, akapigwa sindano ya klorokwini. Homa ikashuka, kisha ikarudi kwa nguvu, naye akafa. Sindano zilizotumiwa tena na tena bila kuchemshwa zikaeneza ugonjwa; watu 280 walikufa, na miongoni mwao watawa waliowauguza wagonjwa. Mganga Jean-Jacques Muyembe alipotumwa huko, aliona damu haikomi pale alipochoma sindano. Hilo hakuwa ameliona kamwe. Damu ya mtawa mmoja mgonjwa ikapelekwa Antwerp, Ubelgiji, ikapimwa. Ndipo ulimwengu ulipoijua Ebola.

Ugonjwa huo ulipotangazwa katika Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, mtego ulikuwa ule ule. Mkunga aonapo mama mjamzito akitokwa damu hufikiri mimba imeharibika. Mpasuaji aonapo maumivu ya tumbo hufikiri kisu. Mganga wa watoto hufikiri malaria. Kila mmoja hutazama kwa dirisha lake. Basi ustadi wa mganga si kujibu upesi tu, bali ni kuuliza, kupima, na kumwita mwenzake anapoona mashaka.

Mji wetu ulijifunza hayo Julai 2019. Mgonjwa wa kwanza, aliyetoka Butembo, alitambuliwa siku ile ile aliyofika, tarehe 14. Wa pili, mchimba dhahabu aliyetoka Ituri, aliugua nyumbani siku kadhaa kabla ya kufikishwa kwenye kituo. Alifariki tarehe 31, na mkewe na mtoto wakaambukizwa. Lakini hao wawili walitambuliwa mapema, wakapewa dawa, na mwezi wa Agosti mama na mwanawe wakatoka wazima. Tofauti ya kaburi na uzima ilikuwa siku chache tu.

Basi, enyi wazazi, mganga hawezi kusoma tusichomwambia. Tumweleze bila kuficha: homa ilianza lini, mgonjwa alisafiri wapi, alimwuguza au kumzika nani, amekwisha meza dawa gani. Akituuliza sana tusinung'unike tukidhani hajui kazi. Atuulizaye ndiye atutakiaye mema. Mwana wa Sira, katika sura ya 38, atuagiza kumheshimu mganga, kwa kuwa Mungu ndiye aliyemwumba. Na heshima ya kwanza tuwezayo kumpa ni kumwambia kweli. Wazee walikwisha sema: mficha maradhi, kilio humfichua.